Gome la Mwarobaini

Ndara zilikwaruza nyuma ya Vuai, kikafuata kicheko kikavu.

"Baba Asya! Umeuvua nguo mwarobaini wangu?"

Aligeuka, kisu mkononi. Mtaa mzima huchukua gome upande mmoja tu, upana wa kiganja, ili mti upone. Yeye alikuwa ameuchuna shina pande zote, mpaka kikapu kikafurika.

"Asya ana tetekuwanga, Bi Mize," alisema. "Halali kwa kuwashwa."

"Sasa gome la nini? Gome huchemshiwa homa. Mwenye tetekuwanga huogeshwa majani." Bi Mize alinyoosha kidole kwenye matawi yaliyovuka ukuta na kuingia uani kwa Vuai. "Haya haya unayoyafagia na kuyachoma kila asubuhi, ukiutukana mti wangu."

Vuai alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu wagombane kwa ajili ya majani hayo, kiburi kilimziba kinywa asiweze kuomba. Aliona afadhali aruke ukuta kama mwizi.

"Mti utakufa?" aliuliza.

"Huenda. Mtoto kwanza." Bi Mize alikata tawi zito, akampa.

Vuai alimwita mkewe, akampitishia tawi lile juu ya ukuta, lakini mwenyewe hakwenda. Alipiga magoti, akachota matope kando ya karo la kuoshea vyombo, akayabandika kwa viganja kwenye shina lililokuwa jeupe na lenye majimaji. Hakuthubutu kuinua uso.

"Nitakuja kuubandika matope kila siku, Bi Mize," alisema. "Mpaka upone, au unyauke nikiuona."