Lenzi za Mfalme

Lenzi zote mbili za kuigizia upofu nilikuwa nimeshazitoa machoni mwa mzee, ziko kwenye kiganja changu, nyeupe kama magamba ya samaki, aliponiambia, "Haya, zitoe basi, binti. Sioni kitu."

Nilidhani ni utani wetu ule ule. Yeye ndiye mfalme kwenye tamthilia yetu ya televisheni, yule wa hadithi ya kale ya Wagiriki aliyejitoboa macho, na mimi ndiye ninayempaka damu. Wiki nzima alikuwa akijikwaa kwenye nyaya, nami namcheka: mfalme umelewa!

"Mfalme mzima unaogopa kidole cha mpambaji?"

Hakucheka. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama pembeni ya sikio langu. Nikapitisha mkono mbele yake. Hakupepesa hata kope.

"Fanya haraka, mwanangu. Wananingoja."

Mlangoni mwongozaji akapiga makofi. "Tukio la ngazi! Tunarudia kipindi cha kwanza, humo mfalme bado anaona. Anashuka mbio, asishikwe na mtu!"

Nikakitazama kiganja changu chenye lenzi. Nikakifumba.

"Bado, bosi," nikajibu. "Lenzi zimegoma kutoka."