Neno la Siri la Zamzam

Jumanne, tarehe tisa Machi, ndiyo siku walipomharibia Mzee Shebe kila kitu. Alikuwa amelalamika jambo moja tu: maandishi ya kompyuta ya maktaba yalikuwa madogo mno. Wakubwa wakaleta fundi. Herufi zikawa kubwa, lakini neno la siri la barua pepe ya marehemu mkewe, Zamzam, aliyekuwa karani hapo, lililohifadhiwa humo, likafutika. Zamani alibonyeza tu, vitone vyeusi vikajipanga, barua pepe ikafunguka, akasikiliza sauti alizorekodi mkewe akiwa mgonjwa. Kwingine hazipo.

"Nani aliwatuma mfute?"

"Ni agizo, mzee wangu," alisema mkuu wa maktaba. "Kivinjari cha kufungulia intaneti kilijaa takataka."

"Mke wangu takataka? Nyinyi mkipewa kiti, akili mnaiacha mlangoni!"

"Basi jibu swali la siri, patafunguka. Aliliweka mkeo mwenyewe."

Swali lilikuwa rahisi: nani unayemwamini kuliko wote? Mzee Shebe akacheka kwa dharau, akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja.

Si sahihi.

Akaandika lile alilokuwa akiitwa na mkewe chumbani.

Si sahihi.

Mkuu wa maktaba akageukia dirisha. Kwenye kioo cha kompyuta kijistari cha kuandikia kiliendelea kuwaka na kuzima, kikisubiri jina. La nani?