Punda wa Nasr

"Simamisha gari," mama akasema, nami nikajua siku yangu imeshaharibika.

Mbele yetu, kwenye mchanga wa jangwa la Al Mintirib, Oman, pikapu ya Nasr ilikuwa imezama magurudumu. Nasr, mtoto wa kaka yake mama, ndiye aliyetunyang'anya shamba letu la Ibra mahakamani. Nyuma kapakia magunia ya tende. Tende zetu!

"Mama, twende zetu. Mwache aungue na jua."

"Babu yako kanilea kwa maneno ya Taurati ya Nabii Musa. Ukimkuta punda wa adui yako kalemewa na mzigo, usimpite. Msaidie."

"Ya rabbi! Mama, hii ni pikapu!"

"Kwani mzigo huuoni?"

Nikashuka, nikaubamiza mlango. Ndoano ya kamba yetu ya kuvutia magari ilikuwa ya moto hata ikaniunguza vidole, na Nasr kasimama tu, anatazama viatu vyake. Nikaifunga kwenye pikapu yake, nikarudi kwenye usukani.

Hapo ndipo alipojisogeza hadi dirishani kwa mama.

"Shikamoo, shangazi."

Mama akamtazama tangu kichwani hadi miguuni, akapandisha kioo.

"Vuta," akaniambia. "Taurati imesema mzigo. Haikusema shikamoo."