Gramu Sitini za Maini

Saa saba na dakika kumi na moja mchana, mkaguzi wa kiwanda cha samaki wa kopo aliona kwenye simu yake maini ya mwanawe yakiwa kwenye sahani ya yaya.

Hakuhitaji kukodoa macho. Kamera aliyoibandika juu ya kabati la jikoni asubuhi ile ilionyesha meza yote. Mbele ya mtoto, wali mtupu na kipande cha chungwa. Mbele ya yaya, wali wenye maini, yamekatwa vidogo vidogo kama alivyoyakata yeye mwenyewe jana yake, gramu sitini kwenye mizani. Yaya aliivuta sahani karibu, akaizungushia mkono kama mtu anayelinda mali yake.

Mkaguzi alizima simu dakika ya nne. Kiwandani, kopo moja likivuja, shehena nzima inarudishwa. Hakuna anayepoteza muda kufungua la pili.

Hakushangaa. Alikuwa amemdharau mwanamke yule tangu siku wakala alipomleta, na mfuko wake wa plastiki na kandambili zisizofanana. Ratiba ya chakula iliyobandikwa kwenye friji aliisoma kwa kidole. Alipoelezwa kuwa chai inywewayo pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, aliitikia "Sawa, mama" kwa sauti ile ile aliyoitikia alipoonyeshwa choo kilipo.

Mtoto alikuwa na miaka minne na damu ya saba nukta tisa. Daktari alitaka ifike kumi na moja. Ikirudi chini ya nane baada ya hapo, alazwe, aongezewe damu. Shida ni kwamba mtoto alikuwa hali. Maini aliyatema. Mayai aliyasukuma pembeni. Dengu alizidondosha chini ya kiti, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayejua haki zake. "Hicho cha mtoto," alisema kuhusu chochote kilichowekwa mbele yake, "sikitaki."

Kisha, katika wiki moja, vikaja vyote viwili, ratiba na yaya, na miezi mitatu baadaye damu ikasoma kumi na moja nukta mbili.

"Chochote mnachofanya hapo nyumbani," daktari alisema, "msikibadilishe."

Mkaguzi alijua kilichofanyika: mizani, saa, na karatasi kwenye friji. Yaya alikuwa mkono tu wa kushika kijiko. Na sasa mkono huo ulikuwa unaiba.

Saa kumi na mbili jioni alimkuta anakausha vyombo.

"Dada, leo mchana umekula nini?"

"Wali, mama."

"Na maini?"

Yaya alimtupia jicho mtoto, aliyekuwa sakafuni na kalamu zake za rangi, akashusha sauti. "Hilo tuliongee akishalala, mama."

"Tunaliongea sasa hivi. Nimekuona kwa kamera."

"Umeangalia yote?"

"Nimeangalia ya kutosha."

"Basi tutoke nje kidogo, nikueleze."

"Sina cha kuelezwa nje. Fungasha."

Yaya alifungua mdomo, akamtazama tena mtoto, akaufunga. Mkaguzi akalihesabu hilo kuwa ndiyo kukiri kwenyewe. Alimtazama kiunoni: mkanda wa gauni ulikuwa umefika tundu la mwisho. Miezi mitatu ya maini ya watu, na bado mwembamba kama ufito. Hata wizi ulikuwa umemshinda.

"Kwaheri, chiriku wangu," yaya alimwambia mtoto, akatoka na mfuko wake ule ule.

Mkaguzi akakishika kijiko mwenyewe. Aliuhamishia mlo wa maini jioni, akirudi kazini. Gramu sitini, chungwa, bila chai. Alibembeleza. Alitisha. Alimshika mtoto kidevu. Vipande vilirudi sahanini vimelowa mate, naye akavipima tena, akaandika.

"Dada yuko wapi?" mtoto aliuliza.

"Dada ni mwizi."

"Hata mimi," alisema mtoto.

Mkaguzi alilijumlisha na hilo kwenye makosa ya yaya: kumharibia mtoto tabia.

Wiki ya nane damu ilisoma nane nukta moja. Daktari aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Mmebadilisha nini?"

"Hakuna," alisema mkaguzi. "Tumemwondoa mwizi tu."

Jioni hiyo alimpigia simu wakala, akataka yule mwanamke afutwe kwenye orodha, asipewe nyumba nyingine ya kuibia. Wakala alisema hamfuti mtu kwa maneno; atumiwe video, nzima, isiyokatwa. Watu wa kuonyeshwa kila kitu, mkaguzi aliwaza. Akaketi ukingoni mwa kitanda na kuifungua, ahakikishe tarehe na saa zinaonekana. Dakika ya nne, pale alipoizimia siku ile, aliiacha iendelee.

Dakika ya tano yaya aligeuza uso dirishani, akaanza kuhesabu kwa sauti ndege waliotua kwenye waya. Mkono mdogo ulivuka meza, ukachomoa kipande cha maini kwenye sahani yake, ukakipeleka mdomoni.

Yaya aligeuka. "Nani kaniibia?"

Mtoto alitafuna amefumba mdomo, mabega yakitikisika kwa kicheko. Yaya akageukia tena dirisha, akaanza kuhesabu upya.

Dakika ya kumi na tisa maini yalikuwa yamekwisha. Yaya alimfuta mtoto mikono, akaivuta sahani yake, akala wali uliobaki.