Nondo za Ghorofa

"Nondo tunaziacha, siyo?" fundi aliniuliza tukiwa juu ya paa la zege. Alimaanisha zile ncha za chuma zilizochomoza juu ya nguzo, zikisubiri ghorofa.

"Tena ndefu!" kaka akadakia kutoka chini. "Jirani yuko ghorofa ya pili. Tusemwe sisi?"

"Usinitie aibu, mwanangu," mama akaongezea, mikono kiunoni.

Nilizunguka paa kama kuku anayetaka kutaga. Nikashika nondo moja. Ilikuwa ya moto, na kutu yake ikabaki kiganjani. Ningelala chini yake miaka mingapi, kila mgeni akiniuliza ghorofa inaanza lini? Mimi nilitaka chumba kimoja cha kufinyangia vyungu, na Jumamosi zangu.

"Kata zote," nikamwambia fundi.

"Dada, nikikata hapa hupandishi tena."

"Najua."

Akamtazama kaka, akamtazama mama. Mashine ya kukatia ilining'inia tu mkononi mwake.

"Basi nipe mimi," nikasema, nikavaa miwani yake.

Mama alikuwa ameshafika nusu ya ngazi cheche za kwanza ziliporuka.