Dakika ya Mnunuzi

Sheria inaruhusu injini ya petroli iwashwe siku ya kuuzwa tu, kwa dakika moja, mbele ya mnunuzi. Ndiyo maana kila Juni naweka tangazo: pikipiki ya milimani ya mwaka 1984, tairi za meno makubwa, haijawahi kushindwa na tope la Usangi.

Siuzi. Mtu akiisikiliza akaipenda, naanza kuiponda: inakula oili, fremu ina ufa. Anaondoka amenuna. Potelea mbali.

Mwaka huu alikuja mzee mmoja wa Mwanga, Elinihaki. Nikapiga kiki mara tatu, ikanguruma. Mume wangu Mbonea alipokuwa hai, mngurumo huo ukifika kwenye kona ya kanisa, nilikuwa nabandika maji yake ya kuoga.

Dakika ikaisha. Nikazima.

"Ila inakula oili, mzee wangu," nikaanza.

"Haili, mama. Nimeisikia." Alikuwa anafuta macho. "Hata mimi sikuja kununua. Nyumbani ninayo ya marehemu mke wangu, aliyokuwa akipandia milimani kuchanja watoto. Tafadhali, Jumamosi njoo ujifanye mnunuzi. Nikiwa peke yangu hairuhusiwi."

Nikamwahidi nitakwenda.

Alipoondoka niliingia jikoni, nikabandika maji. Yalipochemka nikayapeleka bafuni, nikatundika taulo mlangoni, nikakaa kibarazani mpaka yakapoa.