Matope ya Baba Mdogo

Siku hizi udongo ni mali ya yule ambaye mto umemfikishia. Baba mdogo Ligomba alitufukuza shambani kule juu, mimi na mama, akakata miti yote ya ukingoni mwa mto. Masika matano yakalishusha shamba zima, pamoja na majani yake yaliyooza, hadi kwangu deltani.

Leo amekuja kuomba jaruba moja la mpunga.

"Sina pa kulima, mwanangu."

"Pole, baba mdogo. Nawa miguu kabla hujaondoka. Hayo matope ni yangu."

Akainamia beseni, akasugua hadi katikati ya vidole.

"Kaburi la baba yako nalo lilikuwa ukingoni," akasema taratibu.

Ameshaondoka. Nimeshika beseni, sijui maji haya niyamwage wapi.